Redio ya gari bila gari

Huku Logiri gari hatuna, ila redio ya gari tunayo! Inakula volti 12, sawa na betri ya sola. Waya mweusi unaenda hasi. Mwekundu ulikuwa wa ufunguo wa gari, wa njano unatunza kumbukumbu. Sisi tunaziunga zote mbili kwenye chanya, na fyuzi lazima. Spika tumezifunga ndani ya boksi la mbao, maana zikiwa wazi besi inapotea. Wenzetu wanataka amplifaya. Mama hataki kusikia: betri ndiyo hiyohiyo ya taa, na mdogo wetu mwaka huu anafanya PLE. Basi giza likiingia tunachomoa waya. Asubuhi redio imesahau stesheni zote, tunaanza kuitafuta Radio Pacis upya.