Kidonge ni Kilekile, Nyumba Ndiyo Tofauti

Kila nikiposti kitu kuhusu PrEP, komenti ya kwanza huwa ni ileile: "Vijana wa siku hizi mnaogopa mimba kuliko Ukimwi." Sawa, kuna ukweli hapo. P2 inauzwa wikendi kama njugu. Lakini mimi naona kuna kitu tunaogopa kuliko hivyo vyote viwili: kupatikana na chupa ya dawa.

Kwa wale hawajui, PrEP ni dawa ya mtu ambaye HANA virusi, anaimeza ili asiambukizwe. Kenya ilianza kuitoa kwa hospitali za umma 2017. Shida ni kwamba kidonge kinafanana na ARV, chupa nayo inafanana, na hiyo chupa ina kelele. Ikilia tu ndani ya mkoba, hukumu imeshatoka.

Beshte yangu wa campo, enzi hizo bado niko huko, alikuwa anameza. Alitoa vidonge kwa chupa akavifunga kwa soksi ili visilie. Boyfriend wake akavipata. Hakuuliza kitu. Alipiga picha akarusha kwa grupu ya WhatsApp ya darasa, akaandika "mjichunge na huyu." Yaani dem alikuwa negative, na pengine ndiye alikuwa makini kuliko sisi wote kwa hiyo grupu. Wiki hiyohiyo akaacha dawa. Jamaa hakufanywa kitu, na watu waliendelea kumgotea kwa korido kama kawaida.

Hiyo stori ndiyo ilinifanya nianze kusoma utafiti wa PrEP, na kuna mambo mawili ya mwaka wa 2011 ambayo sijawahi kuacha kuyafikiria.

La kwanza ni utafiti ulioitwa FEM-PrEP. Ulifanywa Bondo, huko Siaya, pamoja na Tanzania na Afrika Kusini. Wanawake zaidi ya 2,000, nusu wanapewa Truvada ya kumeza kila siku, nusu vidonge visivyo na dawa. Ulisimamishwa mapema kwa sababu hakukuwa na tofauti: waliokuwa na dawa 33 waliambukizwa, wasiokuwa nayo 35. Ungedhani dawa haifanyi kazi. Lakini damu ilipopimwa, chini ya asilimia 40 ya waliopewa dawa ndio walionekana wameimeza karibuni. Na wakiulizwa, karibu wote walikuwa wanasema wanameza vizuri.

La pili ni Partners PrEP, uliofanywa Kenya na Uganda, Kisumu ikiwemo, na Kisumu si mbali na Bondo. Dawa ni hiyohiyo Truvada. Hapa walichukua jozi 4,747 za wapenzi, mmoja ana virusi na mwingine hana. Maambukizi yalipungua kwa asilimia 75.

Kidonge kimoja, mwaka mmoja. Watafiti wana maelezo yao, na baadaye walirudi kuwauliza wale wanawake: wengine waliogopa madhara, wengine waliona hawako hatarini, wengine walikatishwa tamaa na watu wao wa karibu. Mimi naongeza langu. Kwa Partners, wote wawili walijua kwa nini hiyo chupa iko mezani. Hakukuwa na haja ya soksi. Bondo, mwanamke alikuwa amebeba dawa peke yake, na akiulizwa na mtu wa kliniki anasema kile anachojua kinatakiwa kusemwa. Mimi siwezi kuita huo uongo. Sisi hufanya hivyo kila siku na wazazi wetu.

Sasa kuna sindano. Lenacapavir, inadungwa mara mbili kwa mwaka, inavuruga gamba ambalo virusi hubebea vinasaba vyake. Matokeo ya PURPOSE 1 yalitoka 2024: wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25, Uganda na Afrika Kusini. Kati ya 2,134 waliodungwa, aliyeambukizwa ni sifuri. Kwa vikundi viwili vya kumeza kila siku, 16 kati ya 1,068 na 39 kati ya 2,136. Tena wengi wa hao hawakuwa wanameza inavyotakiwa. Ni Bondo tena, miaka 13 baadaye.

Nimeifurahia hiyo sindano, msinielewe vibaya. Ila inaniudhi kidogo kwamba sayansi imelazimika kuzunguka tabia zetu ndio msichana abaki salama. (Na bado haizuii mimba wala kaswende, na lazima upimwe HIV kwanza, kwa hivyo kondomu msitupe.)

Nilimtumia beshte yangu hiyo habari. Hakuuliza kama inafanya kazi. Aliuliza kama inaacha alama. Nikamwambia ukweli: inadungwa chini ya ngozi, mara nyingi tumboni, na wengi hupata kinundu kidogo ambacho hakionekani sana lakini ukikigusa unakisikia, na huchukua muda kuisha.

Akakaa kimya kidogo, kisha akaandika: "Na yeye akikigusa, nitamwambia ni nini?"

Bado hatujapata jibu. Wasichana mlio na PrEP, nyinyi huwaambia nini? Na wanaume, ninyi mngetaka kuambiwa vipi? Naomba komenti za ukweli, na atakayeleta mzaha nitambloku.