Je, Mtoto Analishwa Kupita Kiasi?

Swali hili huulizwa katika karibu kila nyumba yenye mtoto mchanga, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa mkwe anamwogopa mama mkwe, au mama mkwe mwenyewe hataki kumuudhi mkwewe. Mtoto ananyonya, anacheua. Ananyonya tena, anacheua tena. Analia, anapewa ziwa, ananyamaza. Haipiti saa moja analia tena. Watu wazima wanatazamana: je, ana njaa, au amezidishiwa?

Nimelisikia swali hili mijini na mashambani, lakini mahali nilipoliona likiulizwa juu ya mtoto asiye na haja nalo, huku yule mwenye haja akipita kando, ni nyumbani kwa kaka yangu huko Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa.

Anayeijua njia hiyo atakumbuka jinsi mtu anavyotoka Mbinga mjini kwenye baridi, akiacha nyuma mibuni na mashamba ya ngolo ya Wamatengo, akateremka milima kona baada ya kona mpaka anapokutana na joto la ziwa na harufu ya dagaa walioanikwa. Juu kuna mahindi na maharage. Chini kuna samaki na muhogo. Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi yetu mahindi. Hata hivyo uchunguzi wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 uliona kuwa zaidi ya watoto 4 katika kila 10 walio chini ya miaka mitano mkoani humo walikuwa wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ulikuta hali imekuwa afadhali, lakini bado ilikuwa zaidi ya mtoto 1 katika kila 3. Ghala limejaa na mtoto hakui: jambo hilo halielezeki kwa neno "njaa" peke yake, nami sikulielewa vizuri mpaka nilipokaa wiki mbili katika nyumba ile.

Watoto walikuwa wawili. Wa kwanza, binti wa kaka yangu, alikuwa na umri wa miezi mitano na hakuwa ameonja kitu chochote ila maziwa ya mama yake. Mapaja yake yalikuwa na mikunjo, mashavu yamejaa, na kila alipokwisha kunyonya alicheua kidogo begani kwa wifi yangu. Wa pili alikuwa mvulana wa miezi minane, mtoto wa mdogo wetu wa mwisho aliyeajiriwa Mbinga mjini. Siku zake 84 za likizo ya uzazi zilipokwisha, alirudi kazini, na kwa kuwa hakupata wa kumwachia mtoto kule, alimleta kwa mama yetu, akawa anashuka kumwona kila mwisho wa wiki.

Mama yetu ni mlezi hodari. Ametulea sisi saba. Hofu yake yote ilikuwa juu ya yule binti. "Mwanangu," alikuwa akimwambia wifi yangu, "mpumzishe mtoto. Ziwa usiku, ziwa mchana, tumbo lake litamuuma. Humwoni anavyolirudisha?" Wifi yangu aliitika kwa adabu, na usiku akaendelea kunyonyesha kama kawaida. Mvulana, kwa upande wake, ndiye aliyekuwa fahari ya nyumba. Mara nne kwa siku alipewa uji wa mahindi, bakuli zima, wala halikubaki kitu. Tumbo lake lilikaa kama ngoma. Majirani walipopita walisema: huyu ndiye mlaji, mpunguzieni kidogo asije akapasuka.

Siku ya kliniki niliwasindikiza. Watoto walitundikwa kwenye mizani mmoja baada ya mwingine, wakalia kama walivyo wajibu kulia. Binti, aliyezaliwa na kilo 3.4, alikuwa amefikia kilo 7.6. Mvulana alikuwa na kilo 6.7. Alipoachwa na mama yake, akiwa na miezi mitatu, alikuwa na kilo 5.9. Katika miezi mitano, basi, alikuwa ameongeza gramu 800 tu, na mstari wa kadi yake ulikuwa umelala chali.

Hakuna aliyesema neno. Mwuguzi hakumkemea mtu, alimgeukia mama yetu akamuuliza, "Bibi, uji wako ukiuinua kwa kijiko, unashika au unatiririka?"

"Unatiririka, mwanangu. Mzito atamezaje?"

Lile lilikuwa jibu la mtu mwenye akili, na ugumu wote wa jambo hili umo ndani yake. Tumbo la mtoto ni dogo. Wataalamu hukadiria kuwa huchukua kiasi cha gramu 30 kwa kila kilo moja ya uzito wake. Kwa mvulana wetu ni kama gramu 200, yaani kikombe cha chai, basi. Unga wa mahindi ukipikwa hufura na kunywa maji mengi. Ukitaka uji uwe laini hata mtoto aunywe, huna budi kuujaza maji. Ukiongeza unga ili uwe na nguvu, unakuwa mzito, naye anautema. Kwa hiyo tumbo linajaa upesi, mtoto ananyamaza, analala, na mlezi anaridhika. Lakini kilichojaza tumbo ni maji. Mtoto wa miezi sita hadi minane anahitaji chakula cha kumpa kama kalori 200 kila siku juu ya maziwa ya mama yake. Wa miezi tisa hadi kumi na moja, kama 300. Akivuka mwaka, kama 550. Hiyo ni hesabu ya mtoto anayenyonya vya kutosha. Mvulana wetu alinyonya mwisho wa wiki tu, na uji ndio uliokuwa umechukua nafasi ya maziwa.

Hivyo yule aliyeonekana amezidishiwa alikuwa amepunjwa, na kupunjwa kwake kulifichwa na tumbo lenyewe.

Na binti je? Hapa naomba, ndugu msomaji, tusikilize vizuri, kwa maana akina mama wengi wanapunguza kunyonyesha kwa hofu isiyo na msingi. Mtoto anayenyonya ziwa la mama ndiye anayeongoza kazi. Akiwa na njaa hugeuza kichwa kutafuta, hufungua kinywa, hunyonya ngumi yake. Kilio huja mwishoni, baada ya dalili nyingine kupuuzwa. Akishiba huliachia ziwa mwenyewe, hugeuza uso, viganja vilivyokuwa vimekunjwa ngumi hulegea, na mara nyingi usingizi humchukua. Ni vigumu mno kumzidishia mtoto wa namna hiyo. Kucheua kidogo baada ya kunyonya ni jambo la kawaida, kwa kuwa mlango wa juu wa tumbo lake bado haujakaza. Kuna siku pia, hasa katika majuma ya kwanza, ambapo mtoto hutaka ziwa karibu kila saa. Mama hudhani maziwa yamekauka, jirani hudhani mtoto ni mlafi. Mara nyingi mtoto yumo katika kukua haraka, na kwa kunyonya sana anayaita maziwa yaongezeke.

Unene wa miezi ya mwanzo nao usitutishe. Mtoto mzima hupungua uzito kidogo katika siku chache za kwanza, huurudia ule wa kuzaliwa yapata wiki mbili, huwa mara mbili yake karibu na mwezi wa tano, na mara tatu akitimiza mwaka. Chati za zamani zilitegemea sana watoto wa Marekani, ambao wengi wao walilelewa kwa chupa. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vipya vilivyotokana na watoto walionyonyeshwa katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ilionekana wazi kuwa mtoto wa ziwa hunenepa haraka katika miezi ya mwanzo, kisha hupunguza mwendo. Akianza kutambaa, mikunjo ile ya mapaja huondoka yenyewe.

Nitaje hapa, kwa kuwa watu wengi huidharau kadi ya kliniki na wengine huifungia sukari, kwamba chati hii ya mstari ilianza kutumika katika bara letu hili. Daktari Mwingereza, David Morley, ndiye aliyeibuni alipokuwa akifanya kazi Ilesha, Nigeria, akitaka mama asiyejua kusoma aone kwa macho kama mwanawe anapanda au anashuka. Kilo za siku moja hazisemi mengi. Mwelekeo wa mstari kwa miezi miwili mitatu husema yale ambayo tumbo halisemi.

Dawa ya uji wa mama yetu ilikuwapo katika ujirani, ndani ya mitungi ya wapika pombe: kimea. Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg waliandika juu ya uji wa watoto uliolainishwa kwa unga wa nafaka iliyooteshwa. Kazi za namna hiyo ziliungwa mkono na Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa nchini mwetu mwaka 1973. Siri yake si kubwa. Nafaka ikiota, ndani yake hutokea kitu kinachoikata wanga vipande vidogo. Pika uji mzito hasa, kama ungeukataa kwa mtoto. Uepue upoe kidogo, utie kijiko kimoja cha unga wa kimea cha ulezi kilichokaushwa vizuri, ukoroge. Utaona kwa macho yako uji unavyolegea bila kuongezwa hata tone la maji. Urudishe motoni uchemke, kisha mpe mtoto. Kikombe ni kile kile, lakini unga uliomo ni mwingi zaidi. Mwuguzi aliongeza dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa na kijiko cha mafuta, vitu ambavyo vyote vilikuwamo jikoni kwetu. Mama yetu alicheka: "Kumbe nilikuwa napika maji."

Mdogo wetu naye alipanga kukamua maziwa asubuhi kabla ya kwenda kazini, akamchukua mwanawe Mbinga na kuajiri msichana wa kumlea. Sheria ya kazi inamruhusu mama anayenyonyesha hadi saa mbili za kazi kila siku kwa shughuli hiyo. Alikuwa hajaziomba, akaziomba, akapewa. Baada ya miezi mitatu aliniletea habari kwamba mstari umeinuka. Haujafika pale ulipopaswa kuwa, lakini umeinuka.

Basi, hakuna kabisa mtoto anayelishwa kupita kiasi? Wapo, nao wako zaidi kwetu sisi wa mijini. Maziwa ya kopo yakitiwa kwenye chupa, mlezi hutazama mstari wa chupa badala ya kuutazama uso wa mtoto, na yaliyobaki humsukumia kwa kuwa yamenunuliwa kwa fedha nyingi. Wengine hujaza kijiko cha unga wa maziwa hadi kikavimba kama kilima, wakidhani wanamjali. Maziwa mazito hivyo humchosha mtoto figo na kumtia kiu, naye akilia kwa kiu huongezewa maziwa. Wapo wanaotia sukari kila kitu. Mtoto wa chupa ambaye mstari wake unapanda wima mwezi hata mwezi, anayetapika kila baada ya mlo na kujikunja miguu kwa maumivu ya tumbo, huyo yafaa apimwe na apunguziwe kwa ushauri wa kliniki.

Baya kuliko yote ni kulisha kwa nguvu. Nimeona mtoto akilazwa chali, pua imebanwa, uji ukimiminwa kinywani kwa kiganja mpaka ameze apate pumzi. Uji unaopotea njia huingia mapafuni, na nimonia ya namna hiyo huua. Mtoto aliyefumba midomo na kugeuza uso ameshajibu. Kama anakataa kila mlo kwa siku nzima, huyo ni mgonjwa. Nguvu ya mkono haitamponya.

Yako pia matapishi yasiyohusiana na wingi wa chakula. Mtoto wa majuma machache anayetapika kwa kishindo, maziwa yakiruka mbali kila anyonyapo, huku akizidi kukonda. Matapishi ya rangi ya kijani au yenye damu. Mtoto anayekojoa chini ya mara sita kwa siku na kulegea: hao wapelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wasingojee siku ya kliniki.

Kwa wewe utakayeamka kesho Jumatatu na kumwachia mtoto mlezi, mwachie maziwa uliyokamua katika kikombe safi chenye kifuniko, mahali penye baridi. Katika joto la pwani au la ziwa yasikae nje zaidi ya saa nne. Mwonyeshe kwa vitendo jinsi ya kumnywesha kwa kikombe, polepole, mtoto akiwa ameketi. Mwambie pia, mbele ya bibi kama bibi yupo, kwamba mtoto akigeuza uso asimsukumie, na kwamba hutamgombeza ukirudi na kukuta maziwa yamebaki.