Chupa ya kasiksi

Leo hatuandiki juu ya semina. Tunaandika juu ya pombe, na tunajua kuna watakaoguna.

Sisi ni wajitolea. Kambini Nakivale, tulikoanzia, na sasa hapa Kampala, tunapita kwa vijana tukiongea juu ya madhara ya ulevi. Waragi ya magendo imemaliza vijana wengi mbele ya macho yetu. Mmoja wetu alizika kaka yake hivyo. Ndiyo maana mwezi uliopita, katika kikao kimoja, tulisema kwa sauti: akina mama, acheni kutengeneza pombe.

Mama mmoja wa Bukavu akainua mkono. "Batoto yangu, mukinikataza, kodi ya nyumba nani atalipa?"

Tukanyamaza. Mkimbizi wa mjini hapewi posho ya chakula kama wa kambini, anajitafutia mwenyewe. Huyu mama alikuwa akitembeza vitenge mlango kwa mlango mpaka miguu ikavimba, akarudia kazi aliyofundishwa na mama yake: kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Akatuambia, "Mukuye kwanza muone, njo museme." Tukaenda. Mtaa hatuutaji, maana leseni hana.

Chumba ni kimoja: kitanda, pazia, na nyuma ya pazia beseni na jerikani. Ndizi anaziacha ziive kabisa, anazimenya, anazikanda pamoja na majani makavu mpaka maji matamu yatoke. Hayo ndiyo mutobe, hata mtoto anakunywa. Halafu anatia maji kidogo na mtama uliokaangwa na kusagwa, anafunika. Waganda nao wana yao, tonto, karibu njia ileile. Kijijini wanaichachusha kwenye mtumbwi wa mti na inanywewa mapema. Mama huyu yeye anaitia kwenye chupa ikiwa bado inachemka yenyewe bila moto, anafunga kizibo, anangoja.

Hapo ndipo kazi ilipo. Ndani ya chupa chachu inaendelea kula sukari, inatoa kilevi na hewa, na ile hewa haina pa kutokea. Zamani alitumia chupa za glasi. Usiku mmoja moja ilipasuka chini ya kitanda, majirani wakadhani ni risasi, na watoto waliotoka vitani wakalia mpaka asubuhi. Tangu hapo anatumia za plastiki. Kila jioni anazibonyeza kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama jiwe, anafungua kidogo ipumue, anafunga tena.

Mfanyakazi mmoja wa misaada alituambia kwamba kule Ubelgiji, waliotutawala, watawa wa Chimay wanauza bia inayoendelea kuchacha ndani ya chupa, ile ya bluu ina kilevi asilimia 9, na watu wanailipia pesa nyingi. Mama alicheka sana. "Kumbe bapadri nabo!"

Basi tukaonja. "Musitingishe!" Alifungua polepole, fssss, akaziba, akafungua tena. Povu lilipanda mpaka shingoni likatulia. Rangi ilikuwa ya udongo wa mvua, nzito, huoni ng'ambo ya kikombe. Harufu ni ndizi iliyoiva kupita kiasi, na nyuma yake moshi mdogo wa mtama. Ulimi unakutana na utamu kwanza, halafu uchachu unabana mashavu, halafu kooni joto linashuka taratibu. Baada ya nusu kikombe masikio yalikuwa ya moto. Tusidanganyane, hii inalewesha, na yeye mwenyewe anajua: mtoto hamuuzii, na aliyekwisha lewa anamfukuza.

Tulibishana juu ya mashapo. Wengine wanasema yaachwe chini ya chupa. Wa kutoka Uvira akayatingisha akayanywa yote, eti hicho ni chakula. Mwingine alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema ni harufu ya matanga ya babu yake, na alikuwa hajaikumbuka tangu avuke mpaka.

Yule aliyezika kaka yake hakugusa. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa ameshika chupa iliyofungwa, akiibonyeza, akiiachia. Mwishoni akauliza, "Mama, yale maji matamu, unayo?"

"Leo yameisha, mwanangu. Yanakaa siku moja tu."

Kikao chetu kijacho ni Jumamosi, na lile neno la "acheni" tumelifuta kwenye karatasi. Bado hatujakubaliana tuweke lipi mahali pake. Mama anakanda ndizi tena Jumatano. Ametuambia twende mapema, kabla hajatia mtama.