Kuwatafutia Watoto Shule Ugenini

Mtu ahamiaye nchi ya kigeni peke yake huuliza kwanza habari za nyumba na bei ya chakula. Mwenye watoto huuliza habari za shule, na asipouliza mapema atauliza akiwa amekwisha kuchelewa. Nyumba mbaya yaweza kuhamwa mwisho wa mwezi. Mwaka wa masomo uliopotea hauhamwi wala haurudishwi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilifundishwa kazi yangu katika chuo cha ualimu, nikaifanya miaka 12 katika Kaunti ya Machakos. Mwishoni mwa mwaka 2023 mke wangu alipata kazi ya miaka minne mjini Arusha, Tanzania, tukakata shauri kwenda sote. Niliomba likizo isiyo na malipo. Wako wazee waliocheka, wakasema hawajapata kuona mume akimfuata mke kama mkia. Niliwaacha wacheke, maana kicheko hakilipi ada. Jambo lililonishughulisha lilikuwa jingine. Binti yetu alikuwa amemaliza Gredi ya 4, na ndugu yake mdogo Gredi ya 1. Je, wataingia shule gani huko tuendako?

Arusha si mbali. Kutoka mpakani Namanga ni safari ya kilomita zipatazo 110. Watu wa pande zote mbili husema Kiswahili, hula ugali, na Wamasai wa huku na huko ni ndugu wa ukoo mmoja. Msomaji aweza kudhani kuwa elimu nayo ni moja. Zamani ilikaribia kuwa moja, kwa kuwa wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanzania walikuwa wakifanya mitihani chini ya baraza moja la Afrika Mashariki. Kisha Tanzania ikaanzisha Baraza lake la Mitihani mwaka 1973, na Kenya ikaanzisha la kwake mwaka 1980. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa hata mwaka 1983. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1999, na makao yake makuu yako huko huko Arusha, lakini vitabu vya shule havikufufuka pamoja nayo.

Kwetu Kenya, Mtaala wa Umilisi ulianza mwaka 2017, na mtihani wa zamani wa darasa la nane ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Tanzania mtoto husoma shule ya msingi miaka 7, akafanya mtihani wa kumwingiza kidato cha kwanza. Sera mpya iliyozinduliwa huko mwaka 2025 imepanga kuipunguza miaka hiyo iwe 6. Tena, katika shule za msingi za serikali masomo hufundishwa kwa Kiswahili, desturi iliyotiwa nguvu mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Mtoto akifika sekondari, masomo hayo hayo hugeuka kuwa ya Kiingereza. Hapo ndipo penye kiini cha mashaka yangu, kama mtakavyoona.

Mama yangu alikuwa na jawabu lake tayari. Alisema, "Mwanangu, mwache msichana hapa. Mtie katika shule ya bweni, na siku za likizo atakuja kwangu." Shangazi zangu wote walimuunga mkono. Mimi nimekuwa mwalimu wa zamu katika bweni, nami nimewasikia watoto wa miaka kumi wakilia usiku wa Jumapili chini ya blanketi ili wenzao wasijue. Bweni lina faida kwa mtoto ambaye nyumba yake i mbali na shule, au ambaye nyumba yake haina amani. Sikuona sababu ya kumfanya binti yangu yatima wa muhula hali wazazi wake wako mwendo wa siku moja. Nilimjibu mama kwa adabu, naye alininunia juma zima.

Ziko pia Arusha shule za kimataifa, zenye viwanja vya majani mabichi na mabwawa ya kuogelea. Ada yake wakati ule ilihesabiwa kwa dola. Nilipiga hesabu nikaona kuwa mshahara wa mke wangu ungeingia katika lango la shule hiyo asubuhi, na jioni usitoke. Sikuzitembelea.

Zikabaki shule za watu binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza, ambazo wenyeji huziita za mchepuo wa Kiingereza, na shule za serikali zisizotoza ada. Desemba nzima nilizunguka kwa daladala na kwa miguu, Mlima Meru ukinitazama, nikiingia shule moja na kutoka nyingine kabla hazijafungwa na baada ya kufungwa. Chuoni tulifundishwa kuwa shule haitazamwi ofisini. Ofisini mna vikombe na picha za wageni wa heshima. Mimi huomba kuona vyoo, bomba la maji, na madaftari ya wanafunzi. Daftari halijui kusema uongo. Ukiona kazi imesahihishwa, na chini yake mtoto ameirudia ile hesabu iliyomshinda, jua kuwa mwalimu yupo. Ukiona alama ya vema juu ya jibu lililokosewa, toka polepole ushukuru.

Katika shule moja ya ada kubwa, mkuu wake alinieleza kwa muda wa saa moja habari za ushindi wao katika mitihani. Nilipoomba daftari, aliniletea moja lililojalidiwa vizuri, la mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani. Nikaomba la mtoto wa mstari wa nyuma. Akasema ufunguo wa kabati uko kwa mwalimu, na mwalimu amesafiri. Kisha akaniuliza kama ningependa kulipa ada ya mwaka mzima papo hapo. Nilimwambia ningependa kusafiri kama yule mwalimu, nikaenda zangu.

Shule ya serikali iliyokuwa karibu na nyumba yetu haikuwa na kikombe hata kimoja. Darasa lilijaa, dirisha moja halikuwa na kioo. Lakini tulipoingia Januari, watoto walisimama kwa pamoja wakatuamkia, "Shikamoo!" na mwalimu wao aliwataja kwa majina bila kutazama daftari la mahudhurio. Watoto wangu walisimama kimya. Kwetu bara hatukuwazoeza salamu hiyo.

Mwalimu mkuu alimpa binti yangu karatasi ya Hisabati yenye maswali 20, apate kujua kama anafaa darasa la tano. Msichana huyu alikuwa akishika nafasi za mbele kwa hesabu. Alipata 9. Mwalimu mkuu aliniambia kwa upole, "Mwalimu mwenzangu, afadhali tumrudishe darasa la nne, au hata la tatu."

Nikaiomba ile karatasi. Palipokuwa na tarakimu peke yake, za kujumlisha au kugawanya, alikuwa amepata zote. Palipokuwa na maneno, alikuwa ameacha wazi. Taja namba witiri zilizo kati ya 10 na 20. Je, 17 ni namba tasa? Tafuta Kigawe Kidogo cha Shirika cha 6 na 8. Tafuta mzingo wa mstatili. Mtoto aliyesoma hesabu zake zote kwa Kiingereza atajuaje kuwa namba witiri ni zile zisizogawanyika kwa mbili, au kuwa mzingo ni jumla ya urefu wa pande zote? Kiswahili alikijua, na insha yake ya Kiswahili ilikuwa safi. Lakini Kiswahili cha insha na Kiswahili cha hesabu ni ndugu ambao kwetu hawajapata kuonana. Niliomba ruhusa nikamuuliza maswali yale 11 kwa Kiingereza, palepale mbele ya meza. Alijibu 9 bila kalamu.

Mwalimu mkuu alitabasamu. Akasema, "Nakubali kuwa anajua. Lakini mtihani wa darasa la saba hauulizi kama mtoto anajua. Unauliza kwa Kiswahili."

Maneno hayo yalikuwa ya haki, na ndiyo yaliyotuamulia. Binti yangu angehitaji kujifunza upya majina ya vitu vyote alivyokwisha kuvijua, kuanzia namba shufwa hata usanisinuru wa majani, kwa miaka mitatu, kisha kidato cha kwanza kimrudishe katika Kiingereza alikotoka. Angevuka mto mmoja mara mbili, na kila mara maji yamfike shingoni. Kwa mdogo wake mambo yalikuwa mbali. Ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwa mtoto wa miaka saba mto ule ni kijito.

Basi tulikata shauri kuwatenganisha. Mvulana aingie shule ya serikali, msichana aingie shule ya Kiingereza, isiyo kubwa wala maarufu, ambayo madaftari yake niliyapenda. Huko hufanywa mtihani ule ule wa taifa, ila maswali yameandikwa kwa Kiingereza. Tulimuuliza msichana mwenyewe pia. Alisema anataka shule ambayo ataweza kuuliza swali siku ya kwanza. Sikupata kusikia sababu bora zaidi kwa mkubwa yeyote tuliyemwomba ushauri.

Mke wangu hakuridhika mara moja. Usiku mmoja aliniuliza, "Siku kijana atakapouliza mbona dada yake analipiwa ada na yeye halipiwi, utamwambia nini?" Swali hilo liliniondolea usingizi. Ni kweli kuwa watoto huhesabu mapenzi ya wazazi kwa vitu vidogo, kama nyama sahanini na viatu vipya. Wataachaje kuhesabu ada? Tulilizungumza siku nyingi. Mwisho tulipatana kuwa ada ya kijana nitailipa mimi kwa saa zangu. Kila jioni, baada ya chai, tutakaa wawili tusome Kiingereza, maana siku moja tutarudi Kenya na huko hakuna atakayemngoja. Tuliiandika saa hiyo kwenye kalenda ya ukutani, na mke wangu akatia sahihi kama shahidi.

Muhula wa kwanza kijana alikuwa bubu. Mwalimu wake aliniambia nisiwe na hofu, mtoto anajaza mtungi. Muhula wa tatu mtungi ulifurika. Alianza kunisahihisha mimi mezani, akisema, "Baba, hapo sema 'nitakuja', usiseme 'nitakam'," nami niliyemfundisha kutembea nikatii. Tulipokwenda kwetu Krismasi alimkimbilia bibi yake akamwamkia, "Shikamoo, bibi!" Mama hakujua la kujibu. Akaniuliza kwa Kikamba mtoto anataka nini.

Binti yangu taabu yake haikuwa darasani, ilikuwa barabarani. Wanafunzi hulipa nauli pungufu, na kwa ajili hiyo makonda wengine wa daladala huwaona kama mizigo isiyolipiwa. Asubuhi za Julai, Arusha inapokuwa na baridi ya kuuma, aliachwa kituoni mara nyingi mpaka nikaanza kusimama naye. Konda akimwona mtu mzima, husimamisha gari. Darasani alijifunza habari za Mkwawa na vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hata 1907, akavipenda mno. Lakini aliniuliza mbona Mekatilili wa Menza hatajwi sana. Tangu hapo kila likizo hununua vitabu vya historia vya Kenya, tukavipitisha Namanga pamoja na unga wa kwetu.

Liko jambo moja ambalo bado halijatulia. Mwaka 2025 wenzake aliowaacha Kenya walifanya tathmini ya Gredi ya 6, ambayo alama zake ni sehemu ya 20 katika kila 100 zinazompangia mtoto shule ya sekondari ya juu baada ya Gredi ya 9. Yeye hakuwamo. Tutarudi Januari 2028, naye ataingia moja kwa moja katika Gredi ya 9. Nimekwisha kuandika barua mbili kuuliza sehemu hiyo itahesabiwaje kwa mtoto aliyekuwa nje ya nchi. Jibu la kwanza lilinituma ofisi nyingine, na la pili ningali nalingoja. Wakati huo huo ripoti zake zote, zenye mihuri, pamoja na barua yake ya uhamisho, nimezitia katika bahasha moja ndani ya sanduku la chuma. Mwaka huu wa 2026 anafanya mtihani wa darasa la saba, na mdogo wake upimaji wa darasa la nne. Msichana amemwandikia ndugu yake kijitabu cha kurasa 8, upande mmoja Kiswahili cha hesabu, upande wa pili Kiingereza chake, kuanzia namba witiri.