Filamu Iliyonifungua Ulimi

Wahenga walinena kuwa hujafa hujaumbika. Methali hii nilikuwa nikiikariri tu kama kasuku, mpaka siku niliyojiunga na chama hiki cha Kiswahili nikiwa kidato cha pili.

Msomaji mpenzi, kwetu ni milimani huko Nyeri, na ulimi wangu ulizaliwa bila herufi L. Siku ya mjadala wangu wa kwanza nilisimama kwa madaha, nikamsalimu mwenyekiti, katibu, mtunza saa na wanachama wenzangu. Nilikusudia kusema kuwa kijijini ni mahali pazuri pa kuishi. Loh! Kilichonitoka kinywani ni "mahari pazuri". Ukumbi mzima uliangua kicheko. Tangu siku hiyo nikabatizwa Bi. Mahari. Hata nilipoomba kalamu niliulizwa, "Karamu ya harusi ama ya nini?" Basi nikafyata ulimi. Muhula mzima nilihudhuria mikutano nikakaa kama gogo.

Jumamosi moja usiku tulionyeshwa filamu katika jumba la maakuli. Ilikuwa "Singin' in the Rain", filamu ya Marekani ya mwaka wa 1952, ya kampuni ya MGM, iliyoongozwa na Gene Kelly na Stanley Donen. Kusikia mwaka huo, wasichana walianza kunung'unika. "Ai, mwalimu! Hiyo si ni ya enzi za nyanya?" Wao walitaka ya mateke na ngumi. Lakini Donald O'Connor alipoukimbilia ukuta, akaupanda kwa miguu na kupinduka kinyumenyume, hata wapishi waliacha masufuria wakaja kuchungulia. Naye Gene Kelly alipocheza mvuani, mwavuli ameukunja, akirukia madimbwi kama mtoto aliyemtoroka mamake, hakuna aliyekumbuka mateke tena. Nani angedhani kwamba alipopigwa picha hizo alikuwa na homa ya zaidi ya nyuzi 39?

Hadithi yenyewe ni ya mwaka wa 1927, wakati filamu bubu zilipoanza kupata sauti. Lina Lamont, mwigizaji mashuhuri, ana sura ya malaika lakini sauti yake ni kama ya mlango usiotiwa mafuta. Basi msichana asiyejulikana, Kathy, anafichwa nyuma aseme na kuimba kwa niaba yake. Kila Lina alipofungua mdomo, jumba lilicheka mpaka mabati yakatikisika. Jirani yangu akanipiga kiwiko. "Bi. Mahari, si huyo ni wewe kabisa!" Nilicheka nao, lakini machozi yalinilengalenga.

Kesho yake nilimwendea mwalimu mlezi wa chama. Sikumwambia ya moyoni. Nilimwuliza tu habari za yule mwigizaji mwenye sauti mbaya. Alinieleza jambo lililoniacha kinywa wazi. Jean Hagen, aliyeigiza Lina, alikuwa na sauti nzuri sana. Ile ya mlango aliifanya kwa ajili ya kazi tu. Isitoshe, pale tunapoonyeshwa Kathy akimsemea Lina, sauti tunayoisikia ni ya Jean Hagen mwenyewe! Na wimbo wa mapenzi ambao Kathy anamwimbia Lina uliimbwa na mwanamke wa tatu, Betty Noyes, ambaye jina lake halikutajwa katika filamu. Kumbe tuliyemcheka ndiye aliyekuwa na sauti tuliyoisifu.

Mwalimu hakuishia hapo. Debbie Reynolds, aliyeigiza Kathy, alikuwa na umri wa miaka 19 tu, na dansi hakuijua. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alifanya mazoezi mpaka miguu ikatoka damu, na kwamba siku moja bingwa wa dansi Fred Astaire alimkuta akilia chini ya piano. Astaire alimwalika aje atazame mazoezi yake, ili aone kwamba hata bingwa hutokwa na jasho.

Hapo nikaelewa kwa nini filamu hii haizeeki, na kwa nini mwaka wa 2006 taasisi ya filamu ya Marekani, AFI, iliipa nafasi ya kwanza kati ya filamu zote za nyimbo za nchi hiyo. Inafurahisha kama mchezo wa watoto, lakini chini ya furaha hiyo kuna jasho, homa na machozi. Mtazamaji haambiwi, ila nadhani moyo wake unajua.

Neno moja tu linanikera. Mwishoni pazia linavutwa, siri inafichuka, na Lina anakimbia huku umati ukimcheka. Najua alikuwa mwovu, alitaka kumnyima Kathy jina lake. Lakini umati haukucheka uovu wake. Ulicheka sauti. Mimi hilo nalijua ladha yake.

Basi nikaanza mazoezi. Kila alfajiri nyuma ya bweni nilirudia, "Leo Lulu alilala, Leila akalia." Wiki kadhaa zilipita. Muhula uliofuata nilisimama tena mjadalani, magoti yakigongana, nikasema "mahali" mara nne bila kosa. Mara ya tano likatoka "mahari". Kabla hawajacheka, nikacheka mimi kwanza, nikasema, "Poleni, hiyo ya tano ni ya posa." Walipiga makofi.

Jina la Bi. Mahari bado ninalo. Siku hizi nikiitwa, naitika.