Daftari la Majiko

Mwanangu,

Nimefurahi mno kusikia umechaguliwa kuwa mhamasishaji wa afya ya jamii hapo Kisauni, na kwamba begi lako lina kipima presha chake. Hata hizo shilingi 5,000 za mwezi, zikichelewa zisichelewe, ni hatua. Akina mama waliofanya kazi yako mwaka 2020 wengi wao walizunguka mitaani kwa radhi ya Mungu na nauli ya mfukoni.

Umeniuliza tuliishi vipi Mji wa Kale ulipofungwa wakati wa Korona. Habari za polisi na vizuizi baba yako ameshakuhadithia, na anazitia chumvi. Mimi nitakwambia ya chakula na dawa, maana hayo ndiyo yatakayokufaa.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mwezi haujaisha, kafyu ikaanza: saa moja jioni uwe ndani mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili ikafungwa kaunti yote ya Mombasa, pamoja na Kilifi na Kwale. Halafu tarehe 6 Mei, Mutahi Kagwe, aliyekuwa waziri wa afya, akatangaza kwamba Eastleigh kule Nairobi na Mji wetu wa Kale hakuna kuingia wala kutoka kwa siku 15. Siku hizo zikaongezwa hadi mwanzoni mwa Juni. Kufungwa huko kulianza katikati ya Ramadhani. Sala ya Idi tuliisalia majumbani.

Lakini njaa haikungoja kizuizi cha polisi. Ilibisha hodi tangu Machi, watalii walipokoma kuja. Vijana wanaotembeza wageni Fort Jesus, wauza vinyago, wapagazi wa Marikiti, mama wa mahamri ambaye wateja wake ni watoto wa shule, wote hao hula kesho walichopata leo. Vizuizi vilipowekwa, wengi wao walikuwa wameshamaliza akiba na wanakopa dukani kwa daftari. Ukiona familia haijaomba kitu, usidhani ina kitu. Watu wetu wa pwani wana haya, na haya hiyo iliwafunga midomo kuliko barakoa.

Sasa sikiliza hili, ndilo kubwa. Msaada ulipoanza kuja, wa kaunti, wa matajiri, wa misikiti, kila mleta msaada alitaka orodha. Orodha ya kwanza mtaani kwetu iliandikwa kwa kuhesabu nyumba. Wewe unazijua nyumba zetu: ukumbi mmoja, vyumba sita, na kila chumba kina familia yake. Mfuko mmoja wa unga ukafika kwa mwenye nyumba, ambaye pengine hakuuhitaji, na nyuma yake familia tano zikabaki zinatazamana. Bi mmoja jirani yetu, mjane mwenye sauti ya muadhini, ndiye aliyesema tusihesabu milango, tuhesabu majiko. Panapopikwa chungu chake, hapo ni kaya. Tukapita upya chumba kwa chumba, na majina yakaongezeka zaidi ya mara mbili. Humo tuliwakuta watu ambao hakuna orodha ya serikali ambayo ingewaona: mtumishi wa ndani aliyeachishwa kazi na hana nauli ya kwao, mzee anayelala dukani kama mlinzi, wageni wasio na kitambulisho.

Pesa nazo zilikuwa na kisa chao. Misikiti ilifungwa, na ukishafunga msikiti umefunga na sanduku la sadaka la Ijumaa. Kilichotuokoa ni simu. Safaricom iliondoa ada ya kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000 tangu Machi, na ikabaki hivyo hadi mwaka ukaisha. Unaweza kuliona dogo hilo. Lakini mwenye kidogo cha kutoa hawezi kukatwa ada akafurahi. Bila ada, watu walituma kidogo kidogo, wengine wakatuma kila baada ya siku tatu. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai walituma zaidi, sawa, ila mchango wao uliteremka kwa mkupuo kisha ukakauka, kwa sababu kule nako kazi zilikuwa zimesimama. Ule wa kidogo kidogo haukukauka.

Ugawaji tulifanya baada ya magharibi, kabla ya kafyu kukaza, mlango hadi mlango. Sababu ni mbili. Tulikuwa tumeona yaliyotokea Kibera tarehe 10 Aprili: watu waliitwa kupokea chakula, wakasongamana, polisi wakarusha mabomu ya machozi, na watu wakaumia. Umati wa wenye njaa huwezi kuupanga foleni ya mita moja moja. Sababu ya pili ni stara. Mtu akipokea mchele gizani, asubuhi anaamkiana nawe kama kawaida. Kuna waheshimiwa waliotaka wapigwe picha wakikabidhi magunia; tuliwaambia magunia yaje, picha wakapige kwao.

Chakula kilionekana, dawa hazikuonekana. Wazee wa mtaa wengi wana presha na sukari, na waliogopa hospitali kuliko maradhi yenyewe. Kwa hiyo katika daftari letu la majina tuliongeza safu: nani anameza nini, na vidonge vyake vinakwisha lini. Kijana mmoja aliruhusiwa na maaskari kwenda kuvichukua. Nakuambia kweli, kama ningepewa kuchagua kati ya safu ile na lori la unga, ningefikiri mara mbili.

Kupimwa watu walikataa, na wakalaumiwa kuwa wajinga. Hawakuwa wajinga. Aliyepelekwa karantini alikuwa akidaiwa pesa za malazi kila siku, na nani atawalea watoto wake? Serikali ilipotangaza Mei kwamba italipa gharama za karantini katika vituo vyake, na sisi tukaahidi kulisha watoto wa atakayechukuliwa, ndipo wengine wakatoa pua. Na wewe ukikuta mtu anakataa chanjo au kipimo, muulize kwanza anaogopa kupoteza nini.

Awamu ya pili ya Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa ajira kwa vijana, ilikuja baadaye, wakazibua mitaro kwa shilingi 455 kwa siku. Ilisaidia. Sina zaidi ya kusema hapo.

Anza daftari lako sasa, kabla hakujatokea lolote; mpox imeshatufundisha kwamba maradhi hayapigi hodi. Andika majiko, dawa, na nani ana nambari ya nani. Lifungie. Uchaguzi wa 2027 unakuja, na atakuja mtu mwenye kofia ya chama kukuomba orodha ya wenye shida, eti anataka kusaidia. Mwambie alete huo msaada, utaugawa wewe. Akisisitiza, mpe namba yangu ya simu.

Wasalimie mama na wadogo zako wote.

Shangazi yako,
Mji wa Kale, Mombasa