Majimoto Niliowachoma



Mfano wa magugu katikati ya ngano, Injili ya Jumapili ya 16 ya Mwaka A, hutufikia mwezi Julai, wakati mikorosho ya hapa Newala na ya kule bondeni Masasi inapochipua na kuchanua, na mabomba ya salfa yakiunguruma tangu alfajiri. Kwa miaka mingi niliuhubiri mfano huo bila wasiwasi wowote. Siku hizi nausoma kwa sauti ya chini kidogo, na leo ningependa kuwaungamia sababu yake.

Nyuma ya nyumba ya mapadre ipo mikorosho michache, nayo nilipofika ilikuwa imejaa viota vya majimoto. Mnawafahamu: sisimizi wa rangi ya hudhurungi wanaoshona majani mabichi kwa nyuzi zitokazo kwa mabuu wao. Watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza walikuwa wakikaa chini ya miti ile, na kila Jumamosi palikuwa na vilio. Nikaagiza viota vichomwe. Si hilo tu: katika matangazo baada ya Misa niliwashauri waamini wote waisafishe mikorosho yao na kuwaondoa waharibifu hao. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Lakini Padre akisema mbele ya altare, hata habari za sisimizi, husikilizwa.

Msimu uliofuata machipukizi yetu yalianza kukauka kuanzia nchani, kana kwamba yamepitiwa na moto. Nikasema ni ubwiriunga. Jina hilo lilikuwa karibu na ulimi, kwa maana wazee wa hapa hawajausahau ugonjwa huo uliojitokeza nchini mwishoni mwa miaka ya 1970. Ukichangana na bei ndogo na watu kuhamishiwa vijijini, mbali na mashamba yao, uliiporomosha korosho ya Tanzania kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Nikanunua salfa, nikapuliza mara mbili. Machipukizi yakaendelea kufa.

Mzee mmoja wa jumuiya ndogo ndogo alinipitia alfajiri moja, akaniongoza hadi mtini.

"Baba, ubwiriunga ni unga," akasema. "Hapa unga uko wapi?"

Haukuwapo. Yalikuwapo madoa meusi yenye pembepembe kwenye vijiti vichanga, na baada ya kutafuta kwa subira alinionyesha mdudu mwenyewe: mwembamba, mwenye miguu na vipapasio virefu, na mgongoni kitu kama pini iliyosimama. Huyo ni mbu wa mikorosho. Hunyonya utomvu wa machipukizi na wa korosho changa, na mahali alipochoma hufa. Salfa huzuia ukungu. Mdudu huyu haimwondoi.

"Aliyekuwa akimfukuza," akasema mzee, "Baba ulimchoma."

Nilitaka kubisha, ndipo nikaenda kusoma. Kumbe tangu miaka ya 1950 mtaalamu Mwingereza, M. J. Way, alikuwa amekwisha kuonyesha kule Zanzibar kwamba majimoto huilinda minazi dhidi ya mdudu anayeangusha nazi changa. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, nao wamewachunguza kwenye mikorosho, wakaona kuwa wanapokuwa wengi mtini, madhara ya mbu hupungua. Sisemi kwamba ni malaika. Wanang'ata, na huwachunga wadudu wengine wanyonyao utomvu kama mfugaji na ng'ombe wake. Tena wanaye adui wao, sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa waishio ardhini, ambao huweza kuwafukuza kabisa mtini. Hao nilikuwa nikiwakanyaga kila siku bila kuwatazama.

Katika mfano wa Bwana, watumishi angalau waliuliza kabla ya kung'oa.

Lililoninyima usingizi halikuwa mikorosho ya parokia. Mama mmoja mjane alikuwa ameitii sauti yangu, akachoma kila kiota shambani mwake, na mavuno yake yalikuwa ndiyo ada ya binti yake katika chuo cha ufundi. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipa maji ya kunywa, nanyi mnajua maji ni kitu gani huku juu, kisha akasema polepole: "Baba, mimi nilikuwa nawaona siku zote wakibeba wadudu. Lakini wewe ndiwe Padre."

Ada ya muhula ule tuliigawana. Tulikata viota kutoka kwa jirani, vya ukoo mmoja tu kwa kuwa koo mbili hupigana, tukavibeba katika magunia, tukavifunga mitini mwake na kutandaza kamba toka mti hadi mti ili wapite. Niling'atwa hadi masikioni. Watoto wa mafundisho walihamia kibarazani mwa kanisa.

Tangazo langu nililisahihisha Jumapili iliyofuata. Baada ya Misa, waamini kadhaa waliniambia mlangoni, kwa heshima kabisa, kwamba wao hawakuwahi kuchoma hata kiota kimoja.